Simu Iliyowaulizia Mbuzi

Mama mdogo Namsifu alipoingia kibandani kwangu asubuhi ile, sikumuuliza shida yake. Ningemuuliza, ingekuwa sawa na kumtukana. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akauliza habari za kazi, za watoto wa kaka yangu, za zamu yetu ya maji ya bwawa, na kama yule kuku wangu aliyekanyagwa na pikipiki amepona mguu. Mimi ndiye fundi simu pekee wa Vumbasa na kazi hazinipungui, kwa hiyo niliendelea kukaza skrubu huku nikijibu moja moja. Tulipomaliza habari za kuku ndipo akafungua fundo la kanga, akatoa simu na kuiweka mezani kifudifudi, kama anayemrudisha mtoto mtukutu kwa wazazi wake.

"Nakijwa, hili lisimu lao halina adabu," akasema. "Kwanza halinipi shikamoo. Pili linanikatiza."

"Linakukatiza vipi, mamdogo?"

"Subiri saa moja ifike. Utasikia mwenyewe."

Simu yenyewe ilikuwa ya kampuni ya Tulizo. Kila mzee wa milima yetu ya Upare aliyevuka miaka sitini na tano alipewa moja, bure, na kijijini kwetu walikuwa nazo wazee sitini na watatu. Kila asubuhi saa moja simu ilimjulia hali mwenye nayo. Ikisikia ugonjwa ilipeleka taarifa zahanati, na ugonjwa ukiwa wa hatari ndege ya wagonjwa isiyo na rubani ilitua uwanja wa shule ndani ya dakika ishirini na mbili. Kwa barabara yetu ya masika, safari hiyo hiyo ni saa nne, tena kama lori la tangawizi halijakwama mbele yako.

Saa moja ikafika. Simu ikajiwasha.

"Habari ya asubuhi, Namsifu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, nashukuru. Sijui ninyi huko..."

"Asante. Nimeandika: salama. Siku njema."

Kioo kikazimika. Mamdogo alikuwa bado ameacha mdomo wazi. Aliufunga taratibu, akavuta gauni lake juu kidogo na kunionyesha vifundo vya miguu. Vilikuwa vimejaa. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale pale.

"Hii ndiyo nilikuwa naiendea," akasema.

Alikuwa na miaka sabini na moja, na moyo wake ulikuwa unasumbua tangu mwaka juzi. Mama yangu alipofariki, huyu ndiye aliyenilea. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuita mama.

Nikampeleka kwa Nesi Elieshi siku ile ile, akapewa vidonge. Lakini suala la simu lilinikaa kichwani. Mwezi wa nane Mzee Kalage alikuwa ameiambia simu yake siku tatu mfululizo kwamba ameamka salama. Siku ya nne hakuamka. Watu wa Tulizo walipokuja kutoa pole walituonyesha kumbukumbu zao: salama, salama, salama. Walisema mfumo ulifanya kazi vizuri kabisa, na mimi niliyekuwa nagawa chai msibani nilitamani kuwamwagia.

Maana kwetu hakuna anayeanza na ugonjwa. Mtu ambaye nyumba yake imeungua jana atakuambia kwanza hatujambo, halafu atakuuliza wewe, halafu mtapita kwa watoto, shamba na mifugo, na mkifika mahali pa kupumua ndipo atasema: ila nyumba imeungua. Hiyo "ila" ndiyo habari. Yaliyotangulia ni mlango wa kuifikia. Waliotengeneza simu ile walidhani mlango ndiyo nyumba.

Msidhani hatukujaribu njia fupi. Nesi Elieshi aliitisha semina nzima kwenye ukumbi wa kiwanda cha tangawizi, akawaomba wazee wataje ugonjwa kwanza. Wote wakakubali kwa vichwa, wakala maandazi yake, wakamshukuru. Kesho yake saa moja asubuhi wote sitini na wawili waliobaki waliamka salama.

"Nianze kumwagia mtu magonjwa yangu hata sijamjulia hali?" mamdogo aliniuliza. "Sikulelewa hivyo. Na hata kama ni simu, imetumwa na watu."

Akaisukuma simu upande wangu. "Wewe ndiye fundi. Litoe hizo akili zao, ulitie nyingine."

*

Akili nyingine zilikuwepo. Mfumo uliitwa Mkeka, na haukuwa mali ya kampuni yoyote. Ulisukwa na mafundi wa miji mbalimbali, kila mmoja akileta ukili wake na mwingine akiuunga na wa kwake, na yeyote aliruhusiwa kuutazama ndani na kuubadilisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshautia kwenye simu kumi na tano za watu ambao kampuni zao ziliwaambia simu hizo zimezeeka.

Kazi yenyewe haihitaji uchawi, inahitaji subira. Kila simu ina kufuli la kuwashia, mlinzi anayekagua mfumo kabla haujaamka. Ukimwondoa huyo, simu itakubali mfumo wowote. Lakini kufuli likifunguka, simu hufuta kila kitu kilichomo, ili mwizi asije akanufaika. Kwa hiyo unahamisha picha na sauti kwanza. Kisha unaunganisha waya na kuumimina mfumo mpya, na hapo umeme ukikatika katikati umebaki na tofali la kushikia mlango.

Picha na sauti za mamdogo nilizihamisha zote. Mkeka ukaingia bila tatizo. Kilichonichukua wiki mbili ni sikio. Nilimwomba ruhusa yeye na wazee wengine wawili nirekodi wanavyosalimiana, nikaufundisha mfumo usifunge mazungumzo kwa "salama" ya kwanza. Niliufundisha kushukuru, kuulizia mbuzi, kuulizia maji, kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Mashine zote nilizowahi kuzifungua zinaogopa kimya, zinakijaza au zinakata.

Asubuhi ya kwanza nilikaa kwake jikoni nikiwa nimeshika roho mkononi.

"Shikamoo mama Namsifu. Umeamkaje?"

Mamdogo alinitazama, akajirekebisha kwenye kigoda. "Marahaba. Nimeamka salama, nashukuru."

"Ashukuriwe Mungu. Na mbuzi hawajambo?"

"Wazima. Yule mwekundu tu ndiye mkorofi."

Wakaenda hivyo, mbuzi, maji, tangawizi, mpaka kimya kikaingia. Sufuria ilikuwa inachemka. Simu ilinyamaza na mimi nikanyamaza.

"Ila miguu bado mizito," mamdogo akasema, "na usiku nalala nimekaa."

"Pole sana mama," simu ikajibu. "Hilo nalipeleka kwa Nesi Elieshi sasa hivi."

Nililia, sioni haya kusema. Mamdogo alinipa kikombe cha chai na kuniambia niache kumtisha mbuzi.

*

Sasa niseme nilichokificha, maana bila hicho hadithi hii ingekuwa ya kujisifu.

Simu za Tulizo zina muhuri ndani yake. Kila siku simu inauonyesha makao makuu kuthibitisha kwamba haijaguswa. Kufuli likifunguliwa muhuri unavunjika, na simu yenye muhuri uliovunjika haiwezi kuita ndege. Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili. Nimwachie mamdogo simu isiyosikia yenye ndege, au nimpe inayosikia isiyo na ndege.

Nikatafuta ya tatu. Fundi mmoja wa Arusha aliwahi kunitumia muhuri bandia, faili dogo tu, linaloiambia Tulizo kila asubuhi kwamba simu hii ni bikira. Nikalitia. Mamdogo sikumwambia, na Nesi Elieshi ndiyo kabisa, kwa sababu nilijua atasema nini. Mkataba wa Tulizo ulibandikwa ukutani kwake zahanati: simu moja ikikutwa na muhuri wa kughushi, kijiji kizima kinaondolewa kwenye huduma.

Nilijiambia hawatagundua. Nilijiambia pia kwamba wao ndio walioanza kudanganya, kwa kuandika salama mahali pasipo salama. Hoja hiyo niliipenda sana, niliitumia kila nilipokutana na mzee njiani akanibariki.

Siku ya nane mamdogo alikuwa anachambua mchicha. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Elieshi anasema simu ikiguswa ndege haiijui tena. Hili langu limeguswa. Mbona jana limeandika ndege ipo tayari?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno ya kifundi, asingeelewa. Nikamwambia kweli.

Hakupandisha sauti. Aliendelea na mchicha wake mpaka rundo likaisha.

"Kwa hiyo umelifundisha adabu," akasema, "halafu ukalifundisha uongo."

"Nilitaka uishi, mamdogo."

"Najua. Na mimi nataka niishi, nina mbuzi wana mimba." Akajifuta mikono. "Lakini Senkondo ana pumu. Na mama Kiure ana kisukari, na anasikilizwa vibaya kama nilivyokuwa mimi, ila akianguka mbele ya watu ndege inakuja. Umewauliza kama wanakubali kuwekwa rehani kwa ajili yangu?"

"Sijawauliza."

"Basi toa."

Nilibishana naye, na Mpare akibishana na Mpare mwenzake siku haitoshi. Nilimwambia ndege ndiyo tofauti ya dakika ishirini na mbili na saa nne. Nilimwambia moyo wake hausubiri lori. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Nakijwa, wewe unaogopa kunizika. Hofu hiyo ni yako, usiibebeshe watu sitini na mmoja."

Nikautoa muhuri pale pale jikoni. Kwenye kioo likaja andiko jekundu: simu hii haitambuliki. Nilijisikia kana kwamba nimezima kitu ndani yake yeye.

"Sasa tuwaandikie wenyewe," akasema. "Mwenye simu aambiwe kwamba tumeigusa, na kwa nini."

Akanitamkia barua, mimi nikaandika. Ilianza kwa kuwatakia heri wote wa Tulizo na familia zao, ikauliza habari za mvua huko kwao, ikasema sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mambo ya muhuri, Mzee Kalage na kosa langu la siku nane yalikuwa ukurasa wa pili. Jibu lilikuja baada ya sekunde tatu.

"Ndugu Namsifu, tumefurahi kusikia kuwa hujambo. Siku njema."

Mamdogo alicheka hadi akashika kifua. Mimi sikucheka.

*

Wiki tatu baadaye, saa moja na dakika kumi na tatu asubuhi, simu yangu ilinishtua. Ilikuwa sauti ya simu ya mamdogo, ikisema kwa utulivu kwamba amefika kwenye ila.

Nilikimbia bila viatu. Nesi Elieshi, aliyepokea taarifa ile ile, alifika mara tu baada yangu na mkoba wake. Mamdogo alikuwa amekaa chini ameegemea kitanda, uso umelowa jasho, mkono mmoja umeshika bega la kushoto.

"Hamjambo," akatuambia.

Elieshi alimpa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, akasikiliza kifua, kisha akanitazama kwa jicho ambalo lilinieleza yote. Simu ya mamdogo haikuweza kuita ndege. Ya Elieshi, aliyopewa na Tulizo kwa kazi ya zahanati, iliweza, ilikuwa na muhuri wake halali, safi. Akapiga laini ya dharura.

"Tulizo. Eleza dharura."

"Habari za asubuhi. Hapa ni zahanati ya Vumbasa, hatujambo, ila nina mama..."

"Asante. Nimeandika: hakuna dharura."

Ikakata. Elieshi aliitazama simu yake kana kwamba imemtemea mate. Huyu ndiye aliyeitisha semina. Akapiga tena, na nikaona midomo yake inapambana. "Habari za... hatujambo, ila..."

"Asante. Nimeandika: hakuna dharura."

"Nakijwa," akasema, machozi yanamlenga, "siwezi. Linanitoka lenyewe."

Hata mimi nisingeweza. Nilifungua mdomo kujaribu na kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa habari za kazi. Ndipo nikaiona simu ya mamdogo pale mkekani, bado imewaka na inasikiliza. Ilikuwa imeulizia mbuzi, imeulizia maji, imengoja. Ilikuwa inajua kila kitu, na ilikuwa imekiandika kwa muhtasari ambao mimi mwenyewe niliutengeneza kwa ajili ya Elieshi.

"Piga tena," nikamwambia. "Usiseme neno."

Akapiga. Sauti ilipouliza dharura, niliisogeza simu ya mamdogo karibu na ya Elieshi na kubonyeza isome.

"Mwanamke, miaka sabini na moja, ana ugonjwa wa moyo. Kifua kinabana, maumivu yanapanda bega la kushoto. Yalianza dakika hamsini zilizopita. Anatoka jasho. Muuguzi yupo naye."

"Muuguzi, thibitisha," sauti ikasema.

"Nathibitisha," Elieshi akasema, na safari hii hakuongeza kitu.

"Ndege inaondoka. Dakika ishirini na mbili."

Tulimbeba mamdogo kwa kiti hadi uwanja wa shule, watoto wakasimama mstari wakiwa wameshika mafagio yao. Ndege iliposhuka alinivuta shati. Nilidhani ananiusia.

"Yule mwekundu," akasema, "usimfunge na wengine."

*

Alirudi baada ya siku kumi na moja, amepungua, mdomo uko pale pale. Siku aliyorudi ndiyo siku niliyopigiwa na mtu wa Tulizo, mtu kweli, siyo mashine. Alijitambulisha kuwa ni mhandisi Chilongani, yuko Dodoma. Alikuwa amesikiliza kumbukumbu ya ile asubuhi na hakuelewa ni simu gani iliyokuwa ikiongea ndani ya simu ya nesi.

Nilimweleza yote, pamoja na muhuri bandia na zile siku nane. Elieshi na mamdogo walikuwa wamekaa kwenye benchi langu wananisikiliza, na kila neno lilinipa kazi kulitamka. Nilijua nashikilia ndege ya watu sitini na mmoja mkononi.

"Hayo ya siku nane lazima niyaandike," akasema.

"Yaandike. Ni yangu peke yangu, kijiji hakikujua."

"Na barua ya mama tunayo. Nimeisoma jana, ukurasa wa pili. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa tunamwona anazungusha maneno tu."

Akaomba nimtumie lile sikio. Mkeka si mali ya mtu, nikamtumia, nikamwambia achunge sana ile sehemu ya kunyamaza, asiipunguze hata kidogo.

Tulikaa siku kumi na tisa bila neno kutoka Tulizo. Sikumbuki kama nilikula vizuri. Kila mzee aliyepita mbele ya kibanda nilimwona kama mtu niliyemwibia. Siku ya ishirini barua ikaja: kijiji kinabaki kwenye huduma. Mimi ninapigwa marufuku kugusa simu yoyote ya Tulizo kwa miaka miwili. Kuhusu simu isiyo na muhuri lakini isiyodanganya, kama ya mamdogo, bado wanajadiliana. Nilikubali adhabu ile. Ilikuwa ya haki, na nimeitumikia mpaka leo bila kupunguza siku.

Wiki iliyofuata nilikuwa kibandani mapema, mamdogo yuko kwenye benchi anakunywa chai yangu na kulalamika kwamba haina tangawizi. Ng'ambo ya njia Mzee Senkondo alikuwa ameketi barazani kwake, amejifunga blanketi. Ilipofika saa moja simu yake ikajiwasha.

"Shikamoo Mzee Senkondo. Umeamkaje?"

Bisibisi yangu ikasimama. Mamdogo akashusha kikombe.

"Nimeamka salama, nashukuru," Mzee Senkondo akajibu, na kwa mazoea akaanza kuirudisha simu mfukoni.

"Ashukuriwe Mungu. Na mbuzi hawajambo?"

Mkono wake uliishia hewani. Aliitazama simu muda mrefu. Kisha akaiweka juu ya goti, akasogeza blanketi, akakaa vizuri kama mtu aliyetembelewa na mgeni.

"Mbuzi wazima," akasema. "Mmoja amezaa juzi."

"Hongera. Na maji, zamu yenu imefika?"

"Imefika jana. Tumemwagilia hadi chini kule."

Hapo simu ikanyamaza. Nilihesabu moyoni, sekunde tano, kumi, na haikukata. Mamdogo alinishika mkono akaubana.

"Ila," Mzee Senkondo akasema, akakohoa kidogo, na simu ikaendelea kumsikiliza.